Fungu la Taa

Samaki waligawanywa asubuhi, kabla mchanga haujapata moto. Lukeba, mkubwa wa wavuvi wa Bwana Asmani, alisimama kando ya turubai na beseni mkononi, akamwaga ndagala, wale dagaa wa ziwani, fungu baada ya fungu, akiyataja kwa sauti ya mtu anayeita watoto waje kula. Fungu la mtumbwi wa kulia. Fungu la mtumbwi wa kushoto, maana mitumbwi ile miwili ilifungwa pamoja kwa magogo na ilitembea kama miguu ya mtu mmoja. Fungu la wavu. Fungu la taa. Halafu fungu lake yeye, na mafungu ya wenzake watatu, kila moja limejaa sawasawa na la taa.

Mitumbwi, wavu na taa vilikuwa mali ya Bwana Asmani, kwa hiyo mafungu ya vitu yaliingia kwenye vikapu vyake. Taa yenyewe, karabai kubwa ya pampu, ilibaki imelala ndani ya mtumbwi na kioo chake kimejaa masizi. Hakuna aliyeitazamia ije kushukuru.

Wanawake hawakuwa na fungu. Wao waliwapokea samaki, wakawaosha, wakawaanika juu ya mchanga wasilaliane, wakawageuza jua likipanda, wakawageuza tena likishuka, wakafukuza mbwa na kunguru, na wingu likitokea upande wa Kongo waliwazoa wote mbio, kisha mvua ikipita wakaanza upya. Jioni kila mmoja alipewa bakuli. Lilikuwa bakuli la bati lenye maua mekundu yaliyochubuka, na lilikuwa moja kwa wote: lilijazwa, likamiminwa kwenye nguo ya huyu, likajazwa tena kwa ajili ya yule. Fungu la taa lingelijaza bakuli hilo mara nyingi. Zuwena alijua ni mara ngapi, maana alisoma mpaka darasa la tano, na kutazama alikuwa akitazama kila siku. Hakumwambia mtu. Alikuwa binti wa namna hiyo: jambo likimkera alilitazama mpaka lizoee kutazamwa.

Mama yake, Sikujua, aliinama juu ya mchanga ule tangu zamani, Wabelgiji wakiwa bado hawajafikiria kuondoka. Bendera ikabadilishwa, Usumbura ikaitwa Bujumbura, watu wa Rumonge wakacheza ngoma mpaka vumbi likapanda kwenye michikichi, na kesho yake Sikujua akainama palepale. Sasa kiuno chake kilikuwa kimekataa kunyooka. Akitembea alionekana kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha. Zuwena alitaka jambo moja tu duniani: mama yake aketi. Aketi kwenye mkeka mchana kweupe kama wake wa matajiri, asigeuze hata samaki mmoja. Kwa mabakuli mawili ya jioni, la mama na la binti, walikula na kubakiza kidogo cha kubadilishana na mihogo. Kwa bakuli moja wasingekula. Kwa fungu moja zima, liwe la mtu au la kitu, Sikujua angeketi.

Mwaka wa pili wa uhuru mafuta ya taa yaliadimika. Lori la Bujumbura lilileta sabuni, chumvi na habari, lakini mapipa halikuleta. Wiki hiyohiyo Zuwena alianza kuwaka.

Ilianzia kwenye vidole, ikapanda mikononi, na ilipofika Ijumaa ilikuwa shingoni. Haikuwa na joto wala haikuuma. Ilikuwa nuru nyeupe ya rangi ya tumbo la ndagala. Mchana haikuonekana. Jua likizama ilitosha nyumba nzima, pamoja na ile sehemu ya ukuta ambayo Sikujua aliamua zamani kutoitazama.

"Sogea huku kwenye sufuria," Sikujua alisema, "nione kama maharagwe yameiva."

Zuwena akasogea. Yalikuwa bado.

Majirani wakaja kutolewa funza. Wa kwanza kufika alikuwa Cibalonza, mwanamke wa kutoka Kivu ambaye mchanga wake wa kuanikia ulipakana na wa Zuwena. Alikuja na pini, na watoto wake wote wakifuatana kwa urefu, akamkalisha mkubwa kwenye kizingiti na kumshika mguu.

"Mudogo wangu, leta mukono hapa. Hapana huko, huku. Ee! Ona funza munene kama padri." Akachokonoa, mtoto akalia. "Nyamaza weye, hata karabai haionyeshi hivi. Zuwena, weye utatuokolea petroli ya taa. Tena hauna moshi. Mume wangu naye anawaka kila siku ikifika jioni, lakini yeye ni pombe."

Bwana Asmani hakuja. Aliita. Babu yake alitoka Ujiji enzi za misafara, duka lake lilikuwa karibu na msikiti, na alikuwa na desturi ya kuongea huku akikunja vitenge vya kuuza, ili asionekane kwamba anafanya jambo moja tu. Lukeba alikuwa pale, amekaa juu ya gunia la chumvi.

"Shikamoo, Mzee," Zuwena alisema.

"Marahaba, binti yangu. Mama hajambo? Kiuno je?"

"Kiuno kiko palepale."

"Mungu ampe nafuu." Akafunga dirisha. Nuru ikajaa dukani, ikafika mpaka kwenye sabuni za rafu ya juu. Asmani aliitazama kama atazamavyo kitambaa kipya, upande na upande.

"Inatosha, ile," Lukeba alisema. "Inapita karabai. Lakini iko na shida moja, Patroni. Mwanamuke hapandi mutumbwi. Akipanda, ndagala zote zinahamia Kongo."

Hilo lilijulikana. Lilijulikana kabla ya msikiti na kabla ya misheni, na hakuna aliyewahi kulijaribu aone. Asmani akakunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mwanamke hapandi," alisema. "Taa je?"

Lukeba akafikiri. "Taa inapanda. Kila siku inapanda."

"Basi tutapandisha taa."

"Na fungu?" Zuwena aliuliza.

"Fungu la taa lipo, binti yangu. Halijawahi kukosa hata siku moja. Wewe mwenyewe umeliona kwa macho yako."

Kweli alikuwa ameliona. Alirudi nyumbani akamwambia mama yake, "Utaketi." Sikujua alijibu, "Tutaona," kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuona mengi. Lakini asubuhi alitoa mkeka darini, akaukung'uta na kuuanika juani.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu kueleza. Walimkalisha kwenye ubao uliochomoza mbele ya mitumbwi, wakamfunga kwa kamba kwenye mti uleule ulioning'inizwa karabai, naye akainama uso na mikono juu ya maji. Taa haisemi, kwa hiyo hakusema. Taa haisikii baridi, kwa hiyo hakuna aliyemuuliza. Lukeba aliposema "Geuza taa," aligeuka. Aliposema "Taa, chini," alishuka mpaka maji yakamgusa kidevu. Kwenda na kurudi walimfunika kwa gunia, nuru isipotee bure. Na ndagala walikuja kwa wingi kuliko walivyoijia karabai, kwa sababu karabai hupiga kelele kama nyoka aliyekasirika, na Zuwena alikuwa kimya.

Asubuhi ya kwanza mitumbwi ilirudi imezama mpaka masikioni. Wanawake waliingia majini kuipokea wakiimba. Bwana Asmani alikuja mwenyewe na kigoda chake, jambo ambalo hakulifanya ila siku za mavuno makubwa.

Lukeba akataja mtumbwi wa kulia, akataja wa kushoto, akataja wavu. Akataja taa. Zuwena alikuwa ametandika khanga yake tayari chini. Fungu likapita juu ya khanga na kuingia kwenye kikapu cha Bwana Asmani.

"Hilo ni la taa," Zuwena alisema.

"Ndiyo, la taa," Asmani akajibu.

"Taa ni mimi."

"Nani amekataa? Na mtumbwi umepata fungu lake. Umewahi kuuona mtumbwi ukibeba samaki kwenda nao kwake? Fungu la kitu ni la mwenye kitu."

"Mimi nina mwenyewe?"

Asmani hakukasirika. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulifanya mambo yachukue muda mrefu zaidi. "Miaka yote hii umeshika ndagala za nani, kwenye mchanga wa nani? Nuru hiyo imekuganda kutoka wapi, kama si kwenye samaki wangu? Sikudai kitu, binti yangu. Nasema tu."

"Basi nipeni fungu la mtu. Nilikuwa nao. Nimelowa kama wao."

Wale wavuvi watatu wakatazama miguu yao. Lukeba akacheka, lakini si kwa ubaya.

"Aa, dada. Ukiwa mutu, basi weye ni mwanamuke. Na kama ni mwanamuke alipanda, mutumbwi umechafuka. Inabidi tuchinje mbuzi ya kuuosha. Mbuzi ya nani? Yako."

Zuwena hakuwa na mbuzi.

"Alipanda mwanamke, au ilipanda taa?" Asmani aliuliza, kama mwalimu anayemsaidia mtoto kwenye hesabu. "Chagua mwenyewe. Hapa hatumlazimishi mtu."

Zuwena alitazama ziwa, akatazama vikapu. "Ilipanda taa," alisema.

"Haya. Sasa kimbia ukaanike, jua limepanda. Ukichelewa utakosa na bakuli."

Akaenda kuanika. Cibalonza alimsogezea fagio bila kuinua kichwa. "Karabai ilikuwa na bahati," alisema. "Yenyewe muchana ilikuwa inalala."

Mkeka ulibaki juani. Sikujua aligeuza samaki wa sehemu yake, halafu, Zuwena aliposinzia akiwa amesimama, akageuza na wa sehemu ya Zuwena.

Baada ya siku kadhaa za kupandishwa hivyo, Zuwena na Bwana Asmani walikwenda kwa wazee waamuzi, bashingantahe, waliokaa kwenye baraza la ofisi ya serikali ya komine kila siku ya soko. Anayeshtaki huja na pombe, na kwa kuwa Zuwena ni Mwislamu, kibuyu kilibebwa na Cibalonza, ambaye alisema njiani kwamba kibuyu kinavuja na inabidi kipunguzwe. Wazee walikuwa watatu, na fimbo zao. Karani Hubert aliketi katikati kutafsiri, Kirundi upande huu, Kiswahili upande ule, na Kifaransa mahali ambapo hakuna upande uliomhitaji.

Bwana Asmani alisema yake. Zuwena alisema yake, kwa maneno machache, jinsi alivyozoea. Wazee wakasikiliza bila kukatiza. Kisha wakasema haki haitolewi kwa kusikia tu, wakakaa, wakanywa, wakangoja jua lizame nyuma ya milima ya Kongo ili waone. Zuwena alipowaka, mmoja wao akamwomba asogee. Zuwena akadhani anataka kuchunguza. Mzee alikuwa na mwiba kwenye dole gumba. Wakautoa, akasema murakoze, yaani asante, kisha watatu wale wakainuka, wakaenda kando kushauriana, wakarudi.

"Wazee wanasema jambo hili iko wazi kabisa," Hubert alitafsiri. "Usiku wewe ni taa. Wameona. Mchana wewe ni mwanamke. Hata hiyo wameona. Sasa: kazi inafanyika usiku, mgao unafanyika asubuhi. Asubuhi ikifika, taa haiko. Hakuna wa kumpa."

"Na yule mwanamke wa asubuhi?"

Hubert aliuliza, akajibiwa. "Huyo hakuenda ziwani."

Mzee wa mwiba akaongeza neno, na Hubert akalitafsiri pia: kwamba kama mgao ungefanyika usiku, kesi hii ingekuwa nyingine. Kwa hiyo wanamshauri Bwana Asmani asigawe samaki usiku hata siku moja, ili kuepusha ugomvi.

"Murakoze," Zuwena alisema, kwa kuwa ndivyo inavyosemwa.

Njiani waliongozana na Domitille, aliyepiga mashine ya kuandikia pale ofisini na ambaye ndiye aliyemfundisha Hubert kuipiga. Kiza kilikuwa kimeingia, akaomba amulikiwe mpaka darajani.

"Usilie, dada," alisema.

"Silii."

"Mimi na Hubert tunapiga mashine moja. Barua ni zilezile. Yeye anapokea mushahara muzima, mimi nusu. Wanasema nusu nyingine iko kwa bwana yangu."

"Bwana yako anafanya kazi gani?"

"Sina bwana," Domitille alisema. Walipofika darajani akashukuru na kushika njia yake.

Zuwena hakurudi ziwani. Hakutangaza, alikaa tu nyumbani jioni ilipofika, akawaka peke yake na mama yake. Kwa bahati ya Bwana Asmani mapipa yalikuwa yamefika kutoka Bujumbura, karabai ikafutwa masizi, ikapigwa pampu, ikapandishwa. Ndagala walikuja juu, wakaitazama, wakarudi chini. Walikuwa wamezoea nyingine. Mitumbwi ilirudi mitupu, na kesho yake mitupu, na turubai likabaki limekunjwa.

Pasipo samaki hapana bakuli. Wanawake wa mchanga ule hawakumlaumu Zuwena kwa sauti. Walimsalimia, wakamwuliza habari za mama, wakapita. Sikujua alikwenda kwenye mwalo wa tajiri mwingine, mbali zaidi, akapewa sehemu yenye mawe. Alirudi jioni ameinama zaidi, na bakuli moja. Walikula mihogo na harufu ya samaki.

"Mama, nirudi?"

"Mimi nimekuambia urudi?" Sikujua alisema. Akajinyoosha kwenye kitanda kwa kiasi alichoweza kunyooka.

Lukeba alikuja na kitenge kipya kilichokunjwa vizuri. "Patroni anakuletea. Ni zawadi."

"Zawadi si fungu."

"Najua si fungu. Hata mimi nina macho." Akakaa kizingitini bila kukaribishwa, maana alikuwa amechoka. "Dada, mimi pia nina watoto. Mutumbwi ukirudi mutupu, fungu langu ni maji."

"Ungesema neno asubuhi ile."

"Ningesema neno gani? Samaki ni zilezile. Ukipata weye, itatoka wapi?"

"Kwenye vikapu vya vitu."

Lukeba aligeuza kichwa kuelekea mwalo, kana kwamba vikapu vilikuwa vinasikia. "Vile hatuvifikii," alisema. Akaondoka, akasahau kitenge, na Zuwena akamtuma mtoto wa Cibalonza akirudishe.

Hatimaye Bwana Asmani alikuja mwenyewe. Alikaa, akaomba maji, akanywa, akamwuliza Sikujua kuhusu kiuno. Akasema kuwa mwanadamu ni kuelewana. Akasema fungu zima ni zito, lakini nusu yake si neno lisiloweza kutamkwa, na kwamba apewe muda alifikirie. Zuwena akampa muda. Kungoja ndiyo kazi aliyoijua kuliko zote, na mara hii aliifanya vizuri mno.

Kwa maana wakati Asmani akifikiri, nuru ilitokea kwingine. Viwiko vya Cibalonza vilianza kung'aa akiwa anamsuka mtoto nywele. Huko Magara akawaka msichana mmoja, na Gitaza ndugu wawili wa tumbo moja. Kule Kigwena wanawake wanaokamua mawese waliwaka rangi ya manjano, na watu wakasema ni ya kutosha, ila inavuta wadudu. Wenye mitumbwi hawakupoteza muda. Neno lilikuwa limekwisha kutolewa kwenye baraza la komine: usiku ni taa, mchana ni mwanamke. Kila mmoja aliyepandishwa aliuliza kuhusu fungu, akaambiwa lipo, akapanda.

Cibalonza alikuja kumwambia mwenyewe, asisikie kwa watu.

"Patroni wako kaniita. Nimekubali. Mudogo wangu, usinichukie. Iko watoto."

"Sikuchukii. Na fungu?"

"Bakuli." Cibalonza akatazama viwiko vyake. "Lakini mume wangu walimupa sigara paketi muzima. Walimuita, wakamushukuru. Alirudi anatembea kama burugumesita, mukubwa wa komine yote."

Walicheka wote wawili, kicheko kifupi, na nuru zao zikatikisika ukutani.

Bwana Asmani alikuwa hana tena cha kufikiria. Zuwena alimkuta dukani, anakunja vitenge.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu. Nilikuwa karibu kuja."

"Nitarudi ziwani. Lakini mama aketi. Bakuli lake lisikatike."

"Nani ataanika sehemu yake?"

"Mimi."

"Na sehemu yako?"

"Mimi."

"Basi mwanikaji ni mmoja," Asmani alisema kwa upole. "Na bakuli ni moja."

"Sehemu ni mbili. Samaki hawajui nani amewageuza."

Asmani aliacha kukunja. Ilikuwa mara ya kwanza Zuwena kumwona mikono yake ikiwa haina kitu. Akakubali. Akasema haki ni haki: sehemu mbili, mabakuli mawili, na yeye si mtu wa kumdhulumu mtoto wa Kiislamu. Kuhusu nuru hakuna aliyetaja neno.

Habari ikaenea haraka kuliko nuru ilivyoenea. Ilisemwa mpaka Magara kwamba Rumonge kuna mwanamke anayelipwa mara mbili. Matajiri wengine walimlaumu Asmani kwa kuharibu bei, naye akajibu kwamba moyo wake ndivyo ulivyoumbwa. Wavuvi walinung'unika kwenye pombe. Hata wanawake wachache walimtazama Zuwena kwa jicho la pembeni alipokuwa akikimbia kutoka sehemu moja ya mchanga kwenda nyingine, fagio mkononi, na macho yake yamefumba nusu.

Na Sikujua akaketi. Aliketi kwenye mkeka mbele ya nyumba, mchana kweupe, na wapita njia wakamsalimia kama mke wa tajiri. Siku za kwanza mikono yake iligeuza samaki wasiokuwepo. Baadaye ikatulia mapajani. Kiuno hakikunyooka, lakini kiliacha kulia. Alimwambia Zuwena shida ni moja tu: jioni hapaonekani. Taa ya nyumba iko ziwani. Juzi alivaa gauni kinyume, na jana alimwagia chumvi uji akidhani ni sukari. Basi alichota ndagala kidogo kwenye bakuli lake, akapeleka dukani, akabadilishana na mafuta ya taa. Bwana Asmani alimuuzia na kibatari.

"Alikupimia vizuri?" Zuwena aliuliza.

"Alipima mpaka kwenye mstari. Tone lililobaki kwenye faneli alilirudisha pipani kwa kidole."

Jioni nyingine, mafuta ya kwanza yalipokwisha, wanawake waliwashwa mmoja mmoja, tangu upande wa Kigwena mpaka kule pwani inapopinda. Ilikuwa kazi ya muda mfupi: kamba, ubao, gunia kuondolewa kuona kama nuru iko sawa, gunia kurudishwa. Zuwena alikuwa ameketi mahali pake kando ya Cibalonza, gunia bado liko mabegani, alipomwona mama yake akitoka tena dukani kwa njia ya ufukweni. Alikuwa ameishika chupa ya mafuta mbali na nguo, na alitembea akipapasa kwa mguu, kwa sababu njia ile ilikuwa imechimbwa na mvua na kiza kilikuwa kimeanza.

Zuwena akainua mkono. Nuru ikatoka chini ya gunia, ikapita juu ya maji na mchanga, ikatua miguuni kwa Sikujua. Akaliona shimo, akalizunguka. Hakugeuka kutazama ilikotoka. Aliifuata tu, kama mtu anayefuata ukuta wa nyumba yake.

"Taa, chini," Lukeba alisema.

Zuwena akaushusha mkono. Wakasukuma mitumbwi.